Bibi Beryl Markham, Rubani wa Njoro

Kila siku katika kiwanja cha ndege cha Wilson, mjini Nairobi katika nchi jirani ya Kenya, ndege ndogo ndogo huruka na kutua tangu asubuhi mpaka jioni. Ukimtazama rubani kabla hajapanda ndege yake, utamwona akiizunguka pole pole, akitikisa hiki na kugusa kile, akiinama chini ya bawa, akikinga mafuta kidogo katika chupa na kuyaangalia juani. Mtu asiyejua aweza kudhani kwamba rubani huyo ana wasiwasi, au kwamba anawapotezea abiria wakati wao. Sivyo. Hapo ndipo safari ya angani inapoanza. Habari hizi ni za mwanamke mmoja aliyejifunza jambo hilo Nairobi wakati ndege zilikuwa bado ngeni katika Afrika ya Mashariki, akawapoteza rafiki zake wawili katika saa ile ya kuruka, na yeye mwenyewe akavuka bahari ya Atlantiki peke yake. Jina lake ni Beryl Markham.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba, 1902, katika kijiji cha Ashwell, Uingereza, na jina la baba yake lilikuwa Charles Clutterbuck. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi aliletwa Kenya, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake alikuwa na shamba Njoro, karibu na Nakuru, akafuga farasi na kusaga nafaka. Mama yake hakuyapenda maisha yale akarudi Uingereza, na mtoto akabaki na baba. Basi Beryl alikua pamoja na watoto wa Kiafrika wa jirani. Alisema Kiswahili, alitembea bila viatu, akajifunza kushika mkuki na kufuata nyayo za wanyama. Siku moja simba aliyefugwa katika shamba la jirani alimrukia na kumjeruhi, lakini akapona. Rafiki yake mkubwa katika utoto alikuwa Kibii, ambaye alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Mtu huyo tutamtaja tena.

Beryl alipokuwa bado msichana, ukame ulimfilisi baba yake, naye akahama kwenda Peru, nchi ya Amerika ya Kusini. Binti hakumfuata. Alibaki Kenya akaanza kazi ya kufundisha farasi wa mashindano, akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya kazi hiyo nchini humo. Mwaka 1926 farasi wake aitwaye Wise Child alishinda shindano kubwa la St. Leger mjini Nairobi, ijapokuwa miguu yake ilikuwa dhaifu. Mwenye kufundisha farasi hukagua miguu ya mnyama wake kila asubuhi kabla ya kumtoa kukimbia. Huigusa kwa mkono apate kujua kama pana uvimbe au joto lisilo la kawaida. Farasi hasemi mahali panapomuuma, na akikimbizwa na kidonda ataanguka na mpandaji wake. Desturi hiyo ya kukagua kwanza ndiyo aliyoingia nayo katika kazi ya pili, maana ndege nayo haisemi.

Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi iliyoitwa Wilson Airways, na kiwanja cha Wilson tulichokitaja kimepewa jina lake. Rubani wake wa kwanza alikuwa Tom Campbell Black. Bwana huyu ndiye aliyemfundisha Beryl, ambaye sasa aliitwa Bibi Markham kwa jina la mume wake. Walitumia ndege ndogo iitwayo Gipsy Moth, yenye viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine. Campbell Black hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Siku moja alimwacha mwanafunzi wake aelekee vilima vya Ngong bila kumwonya. Ndege ikaanza kushuka ijapokuwa injini ilikuwa ikivuma kwa nguvu, kwa sababu upepo unaovuka vilima humiminika chini upande wa pili kama maji ya maporomoko. Mwalimu alingoja mpaka mwanafunzi ameona hatari yenyewe, ndipo akashika usukani na kugeuza. Somo hilo Beryl hakulisahau. Mwaka 1931 alipata leseni yake, akaruka kwa ndege yake mwenyewe aina ya Avro Avian.

Sasa tutazame kazi aliyokuwa nayo rubani wa siku zile kabla ya kuondoka. Petroli ililetwa viwanjani katika madebe ya galoni nne nne. Debe likikaa hupata maji na kutu ndani, na injini haiwezi kuchoma maji. Kwa hiyo mafuta yalimiminwa tangini kwa faneli iliyotandikwa ngozi laini. Ngozi hiyo hupitisha petroli na kuzuia maji na takataka. Kisha rubani hutoa mafuta kidogo chini ya tangi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli nayo hukaa chini kabisa. Baada ya hayo hutazama oili, magurudumu, nyaya zinazoshika mabawa, na rafadha, yaani lile panga la mbele linalozunguka, kama lina ufa. Hutikisa usukani wa mkia na vibao vya mabawa aone kama vinakwenda huku na huku bila kukwama.

Injini huwashwa magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa kabari. Siku zile msaidizi aliizungusha rafadha kwa mikono, na ole wake aliyezembea kurudi nyuma! Injini ya ndege ina magneto mbili za kutoa cheche, ili moja ikifa nyingine iendelee. Rubani huizima ya kwanza na kusikiliza, halafu huizima ya pili na kusikiliza. Ikiwa injini inakohoa, haendi popote. Kiwanja cha Nairobi kiko juu zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini hupata pumzi kidogo, na mabawa hupata hewa kidogo ya kulalia. Ndege iliyoruka upesi Mombasa itakimbia mbali zaidi Nairobi kabla ya kuinuka, na jua la mchana huzidisha taabu hiyo. Ndiyo sababu marubani wengi hupenda kuondoka asubuhi mapema, hewa ikiwa bado baridi na nzito.

Wakati wa hatari kubwa katika safari ya ndege ndogo ni huo wa kuruka. Ndege ni nzito kwa kuwa matangi yamejaa, mwendo wake bado ni mdogo, na iko karibu na ardhi hata rubani hana nafasi ya kusahihisha kosa. Kwa hiyo rubani mwema hukata shauri kabla hajaanza kukimbia. Huchagua alama kiwanjani, labda mti au jiwe, na kama ndege haijapata mwendo wa kutosha ifikapo hapo, hupunguza moto na kusimama. Akingoja mpaka mwisho wa kiwanja ndipo afikiri, amechelewa. Tena injini ikizimika mara baada ya kuruka, moyo humshawishi mtu ageuke arudi kiwanjani alikotoka. Shauri hilo limewaua wengi. Ndege ikigeuzwa kwa ghafula na mwendo wake ni mdogo, mabawa hushindwa kuibeba, nayo huanguka kama jiwe. Njia ya wokovu ni kuinamisha pua mara moja ili mwendo usipotee, na kutua mbele, hata kama mbele hapana mahali pazuri. Afadhali kuvunja magurudumu katika shamba la mahindi kuliko kufa kwa kutaka kuiokoa ndege.

Bibi Markham aliijua hatari hiyo mapema. Rafiki yake Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri, alikuwa na ndege yake aina ya Gipsy Moth. Mwezi wa Mei, 1931, alipotaka kwenda Voi kutafuta tembo kutoka angani, alimwalika Beryl afuatane naye. Campbell Black alimsihi Beryl asiende siku ile, naye akasikia, akabaki. Tarehe 14 Mei Finch Hatton aliruka kutoka Voi kurudi Nairobi pamoja na mtumishi wake, Mkikuyu aitwaye Kamau. Ndege ilizunguka juu ya kiwanja, ikaanguka ikawaka moto, na wote wawili wakafa pale pale. Sababu yake haikujulikana kwa hakika. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong. Ajali ya namna hiyo ingeweza kumfanya mwanafunzi aache ndege kabisa. Beryl hakuacha. Aliendelea kujifunza mpaka akapata leseni ya rubani wa kazi, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya.

Kazi yake ilikuwa kuchukua barua, abiria na dawa mpaka mahali ambapo motokaa ingechukua siku nyingi kufika. Pia aliwatafutia wawindaji makundi ya tembo, kazi iliyosifiwa wakati ule, lakini leo tembo wanalindwa kwa sheria. Usiku mmoja aliruka kutoka Nairobi kupeleka oksijeni kwa mchimba dhahabu aliyekuwa mahututi huko Nungwe, karibu na ziwa Victoria katika nchi iliyoitwa Tanganyika, naye akatua kwa mwanga wa mioto iliyowashwa chini. Viwanja vingi vya porini vilikuwa nyika tupu. Rubani aliyetua salama hakuweza kujua kama ataweza kuruka tena, mpaka atembee kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta vichuguu, mashimo ya muhanga na mawe yaliyofichwa na majani. Punda milia walifukuzwa kwanza. Mwelekeo wa upepo ulitazamwa, kwa maana ndege huruka kwa kuukabili upepo, na si kwa kuupa mgongo.

Katika maisha hayo arap Ruta, yule rafiki wa utoto, alikuwa naye, akimsaidia kuitunza ndege. Aliizoea mashine hiyo kama alivyowazoea farasi wa Njoro. Lakini katika Kenya ya siku zile Mwafrika hakupewa nafasi ya kujifunza urubani, hata awe hodari namna gani. Yatupasa kulikumbuka jambo hilo tunapomsifu Bibi Markham. Ujasiri ulikuwa wake, lakini nafasi aliyoipata yeye, rafiki yake hakuipata.

Mwaka 1936 Bibi Markham alikuwa Uingereza, akakusudia kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua njiani. Njia hiyo ni ngumu kuliko ile ya kutoka Marekani, kwa sababu upepo wa bahari ile huvuma sana kutoka magharibi, na ndege hupambana nao safari nzima. Mlowezi mmoja wa Kenya, John Carberry, alimwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull yenye injini moja ya nguvu za farasi 200. Viti vya abiria viliondolewa, na mahali pake pakawekwa matangi ya mafuta. Ndege haikuwa na redio ya kuzungumza na watu. Matangi yale ya ndani hayakuwa na kipimo cha kuonyesha mafuta yaliyobaki. Rubani alitakiwa kungoja mpaka tangi moja likauke na injini ikate, ndipo afungue koki ya tangi lingine.

Mzigo wa mafuta ulikuwa mkubwa hata kiwanja cha kawaida kisingefaa. Basi akaomba ruhusa ya kutumia kiwanja cha jeshi la anga huko Abingdon, ambacho kilikuwa na urefu wa karibu maili moja. Hali ya hewa ilipokuwa mbaya alingoja siku kadhaa, na magazeti yakingoja pamoja naye. Kungoja huko ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyekwisha kujitangaza huona haya kukaa chini. Jioni ya tarehe 4 Septemba, 1936, aliondoka. Ndege ilikimbia majanini kwa uzito wake wote, ikainuka, ikashika njia ya magharibi kuingia gizani.

Usiku kucha alikutana na mvua, mawingu na upepo wa mbele. Tangi la kwanza lilipokauka, injini ilinyamaza, na ndege ikashuka gizani kuelekea baharini wakati alipokuwa akitafuta koki. Injini ikawaka tena maji yakiwa karibu. Asubuhi akaona nchi kavu ya Kanada. Lakini kabla hajafika New York alikokusudia, injini ilianza kukatakata ijapokuwa tangi la mwisho lilikuwa na mafuta. Akatafuta mahali pa kutua, na magurudumu yakazama katika kinamasi huko Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton. Ndege ikasimama kwa pua yake. Beryl alitoka akiwa na jeraha la kichwa, akatembea kuomba msaada. Alikuwa amekaa angani saa 21 na dakika 25, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

Walipochunguza waliona kwamba barafu iliziba tundu la hewa la tangi lile la mwisho. Jambo hili mwanafunzi aweza kulifahamu kwa debe la mafuta. Ukilitoboa tundu moja tu, mafuta hutoka kwa shida, mpaka utoboe la pili ili hewa iingie. Vivyo hivyo tangi la ndege likikosa hewa, petroli haifiki katika injini. Barafu ile iliingia baharini, na hakuna aliyeweza kuiona Abingdon. Kwa hiyo ukaguzi hauondoi kila hatari. Hupunguza hatari zile zinazoonekana, ili rubani abaki na nguvu ya kupambana na zile zisizoonekana. Leo marubani wa ndege ndogo hulitazama tundu hilo la hewa kabla ya kila safari, kwa maana hata nyigu akijenga ndani yake aweza kuisimamisha injini.

Siku chache baadaye habari njema ziligeuka kuwa msiba. Tom Campbell Black alikuwa amepata sifa duniani kote. Mwezi wa Oktoba, 1934, yeye na mwenzake C. W. A. Scott walishinda shindano kubwa la ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda uliopungua saa 71. Tarehe 19 Septemba, 1936, katika kiwanja cha Speke, Liverpool, alikuwa bado ardhini akiipeleka ndege yake mahali pa kuanzia kuruka. Ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga, naye akafa. Rubani aliyeshinda jangwa na bahari aliuawa kabla magurudumu yake hayajaacha majani. Mwalimu aliyemfundisha Beryl kutazama kila kitu aliangushwa na hatari iliyotoka upande ambao hakuona. Ndiyo sababu rubani hutakiwa kuangalia mbele, nyuma na juu hata anapotembeza ndege kiwanjani.

Miaka ile ile dunia ilijifunza kutoitegemea kumbukumbu ya mtu peke yake. Tarehe 30 Oktoba, 1935, huko Marekani, ndege kubwa ya majaribio ya kampuni ya Boeing ilianguka mara baada ya kuruka, kwa sababu vifungo vya kushikilia mkia visitikisike na upepo havikufunguliwa. Aliyeiendesha alikuwa rubani hodari sana, Ployer Hill, na ajali ile ilimwua. Toka hapo marubani wa ndege za namna ile wakaandikiwa karatasi yenye orodha ya mambo ya kukagua, moja baada ya moja. Desturi hiyo ilienea, na leo hata mwanafunzi wa ndege ya injini moja huwa na karatasi yake, wala mzee aliyeruka miaka thelathini haoni haya kuisoma.

Bibi Markham alikaa Marekani miaka kadhaa. Kitabu cha maisha yake, West with the Night, kilitolewa mwaka 1942, kikasahauliwa, kisha kikachapishwa tena mwaka 1983 na kusomwa na watu wengi. Wako waliobisha kwamba mume wake wa tatu ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujakwisha. Baada ya vita kuu ya pili alirudi Kenya akaishika tena kazi ya farasi, na farasi wake wakashinda mara nyingi. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Tujifunze nini katika maisha haya? Watu humsifu Bibi Markham kwa usiku ule mmoja juu ya Atlantiki. Lakini ujasiri wake tunauona pia Abingdon, alipokubali kungoja, na Nairobi, aliposikia shauri la kutokwenda Voi. Kijana anayetamani urubani asidhani kwamba kazi hiyo ni ya watu wasioogopa. Rubani mwema huogopa mambo yanayostahili kuogopwa, huyatafuta moja moja akiwa bado ardhini, na akiona halifai hata moja, huzima injini akashuka, watu wacheke wasicheke. Leo vijana wa Kiafrika, wavulana kwa wasichana, wanajifunza urubani katika kiwanja cha Wilson. Mlango uliofungwa mbele ya arap Ruta umefunguka. Wenye kuingia waingie na desturi ile njema ya Njoro, ya kuigusa miguu ya farasi kabla ya kumpanda.